Wanakuuliza umekula nini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu upimaji wa ulaji Unguja na Pemba

Ukurasa huu ni kwa wenye nyumba wanaopigiwa hodi na wadadisi wa afya, na kwa vijana wanaojiandaa kuwa wadadisi. Maswali ni yale yanayoulizwa majumbani na barazani. Mengine yana majibu marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Mengine yanatosha mstari mmoja.

Kwa nini watafiti wanataka kujua ninachokula?

Shinikizo la damu, kisukari, upungufu wa damu kwa wajawazito, udumavu wa watoto: yote haya yana asili yake jikoni, japo si jikoni peke yake. Hospitali humuona aliyekwisha kuumwa. Haimuoni jirani yake anayekula vilevile na bado mzima. Kujua chakula kina mchango gani katika maradhi kunataka watu wengi, wazima kwa wagonjwa, waulizwe kwa namna moja, na ikiwezekana wafuatwe kwa miaka.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar. Hakuna utafiti utakaowauliza wote, kwa hiyo shehia huchaguliwa kwa bahati nasibu, kisha nyumba ndani ya shehia. Ndiyo maana umefikiwa wewe na jirani yako hakufikiwa. Na ukikataa, ambayo ni haki yako, mdadisi hatakiwi kuhamia nyumba ya pili kwa sababu tu mlango wake uko wazi. Wanaoshinda nyumbani mchana hawali sawa na wanaoshinda kazini, na ukiwajaza hao tu utakuwa umepima kitu kingine.

Mbona ananiuliza ya jana tu? Jana nilikuwa harusini.

Sema hivyo hivyo, pilau na yote. Usimpe siku nyingine unayoona ina adabu zaidi.

Jana ya mtu mmoja haisemi ulaji wake wa kawaida. Lakini jana za watu elfu mbili, zilizochukuliwa siku tofauti za wiki, zina waliokuwa harusini, waliofunga, walioshinda na muhogo wa kuchemsha na waliokosa hamu kwa homa. Zikikusanywa, wastani wa watu wote hutoka karibu na ukweli. Anayemwondoa wa harusini kwa kuona kwamba siku yake haikuwa ya kawaida anaharibu hesabu, maana harusi nazo ni sehemu ya mwaka wa watu hawa.

Tatizo liko kwenye ncha. Kwa siku moja tu, wapo watakaoonekana hawali matunda kabisa na wapo watakaoonekana wanaishi kwa embe, kumbe wote hula embe mara mbili kwa wiki. Kwa hiyo utafiti wa siku moja ukisema nusu ya watu hawafikii kiwango cha vitamini fulani, uliza kwanza kama walirudi kuuliza siku ya pili.

Virutubisho navyo havilingani. Marekani walichambua daftari za watu 29 walioandika kila walichokula kwa mwaka mzima, na matokeo yakachapishwa 1987. Kukisia nishati anayoila mtu mmoja kwa usahihi wa kuridhisha kulitaka wastani wa siku kama thelathini. Vitamini A ilitaka zaidi ya siku 365. Sababu unaijua ukifikiria chakula chetu: wali na muhogo huliwa takriban kila siku, lakini maini, embe na mchicha huja kwa mafungu. Siku ukila maini umekula vitamini A ya siku nyingi kwa mkupuo.

Basi kwa nini wasiniulize moja kwa moja: "Kwa kawaida unakula nini?"

Huuliza pia. Hilo ni dodoso la mara ngapi: orodha ya vyakula, na mbele ya kila kimoja unaulizwa unakila mara ngapi kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi, katika mwaka uliopita. Utafiti mkubwa wa wauguzi wa Marekani, ulioanza 1976 kwa wauguzi zaidi ya 120,000, ulitumia dodoso kama hilo kwa mara ya kwanza 1980, likiwa na vyakula 61. Uzuri wake ni bei: mtu hulijaza mwenyewe na kulirudisha kwa posta. Wakalijaribu kwa wanawake 173 waliopima na kuandika chakula chao wiki nzima, mara nne ndani ya mwaka, ili waone kama dodoso na mizani vinaelekea upande mmoja.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulikosa. Dodoso hili halikutungwa lijue umekula gramu ngapi. Limetungwa liwapange watu: nani anakula samaki sana, nani kiasi, nani kwa nadra. Kwa kutafuta uhusiano wa chakula na ugonjwa, mpangilio huo unatosha. Kwa kusema "Wapemba hula gramu kadhaa za samaki kwa siku", hautoshi, na anayelitumia hivyo analibebesha mzigo usio wake.

Si tuchukue dodoso la huko tulitafsiri tu?

Hapana, na hili nalisema bila kupindapinda. Dodoso la kigeni litakuuliza juu ya jibini, brokoli na nafaka za boksi, liache shelisheli, kisamvu, ng'onda, urojo na muhogo wa nazi. Aliyejibu atabaki na ukurasa wa "sili, sili, sili", na mtafiti ataandika kwamba watu hawa hula vyakula vichache.

Hata Wazungu wenyewe hawakufanya hivyo. Utafiti wa Ulaya uliohusu saratani na lishe, wenye watu zaidi ya nusu milioni katika nchi 10, haukuwalazimisha Mgiriki na Msweden kujaza orodha moja. Karibu kila nchi ilikuwa na dodoso lake, kisha watu karibu 37,000 kutoka nchi zote wakaulizwa ya jana kwa utaratibu mmoja, ili vipimo vya nchi mbalimbali viweze kulinganishwa. Kama Ugiriki na Sweden zilihitaji hivyo, Micheweni ya Pemba na Boston ya Marekani je?

Orodha ya kwetu huanzia sokoni na jikoni. Unakusanya kwanza ya jana kutoka kwa watu wa mjini na shamba, Unguja na Pemba, unatazama vyakula gani vinabeba sehemu kubwa ya nishati, protini, madini, na vipi vinawatofautisha watu. Chumvi ya mezani haiwatofautishi watu kwa kuulizwa. Chai ya maziwa huwatofautisha. Kisha unahitaji jedwali la virutubisho. Lipo la Tanzania la 2008, lililoandaliwa na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Ni msaada mkubwa, ila vyakula vya kuchanganya vya visiwani utavitengenezea hesabu mwenyewe kutokana na mapishi. Urojo ni mfano mgumu: kila muuzaji na mkono wake, na mteja naye huchagua bajia, kachori, mihogo ya kukaanga, yai, chatne. Mwandikie kila kilichoingia bakulini. Neno "urojo" peke yake halina virutubisho.

Mahojiano ya saa 24 huendaje hasa?

Mdadisi mzuri hapiti mara moja. Kwanza anakuacha useme mwenyewe, bila kukatizwa. Kisha anauliza vile vinavyosahauliwa. Halafu saa na mahali, halafu undani na kiasi, mwisho anarudia yote ukiwa unasikiliza. Hatua tano, kwa desturi iliyozoeleka Marekani na kuigwa kwingi.

Kinachopotea hupotea kwenye hatua ya kwanza. Haya ni mazungumzo ya kawaida kabisa:

"Shikamoo bibi. Jana ulipoamka, kitu cha kwanza kuingia kinywani kilikuwa nini?"
"Marahaba mwanangu. Chai tu."
"Chai ya rangi au ya maziwa?"
"Ya rangi. Maziwa nitayatoa wapi?"
"Na ilikuwa na kitu cha kutafunia?"
"Muhogo. Na kile kipande cha mkate wa kumimina alicholeta mjukuu."
"Baada ya hapo, mpaka adhuhuri?"
"Hakuna."
"Hata embe, karanga, kahawa ya jirani?"
"Aa, embe mbichi. Na pilipili na chumvi. Lakini hiyo nayo chakula?"

Mdadisi aliyeandika "chai tu" na kufungua ukurasa wa chakula cha mchana amepoteza muhogo, mkate, embe na chumvi. Na hakuna aliyedanganywa. Bibi amejibu kama watu wanavyojibu.

Tunakula sinia moja. Utajuaje mimi nimekula kiasi gani?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na wanaotunga dodoso za sahani moja mtu mmoja hawajawahi kulitazama.

Zipo njia kadhaa. Ya kwanza ni kupima chungu: mchele kabla ya kupikwa, wali baada ya kuiva, na kilichobaki. Mchele ukiiva huzidi uzito wa awali kiasi cha mara mbili na nusu hadi tatu, kwa hiyo vibaba vya mchele mbichi pekee havitoshi, unapaswa kujua umeiva vipi. Kisha unagawa kwa waliokula, ukimpa kila mmoja fungu kwa umri na jinsia. Ubaya wake ni kwamba mgawanyo ni wa kudhania. Mtoto wa miaka minne anayeshindana na kaka zake sinia moja hapati fungu analostahiki kwenye karatasi.

Ya pili ni kuhesabu matonge. Unamwomba mtu afinye tonge lake la kawaida, unalipima kwa mizani ya jikoni, kisha anakumbuka alikula mangapi. Watu hucheka, lakini hujibu. Ya tatu, ninayoipenda mimi, ni kumpa wali halisi na sahani tupu: "Pakua kiasi kile ulichokula jana." Hakisii gramu, anakumbuka kwa mkono. Picha za sahani zenye kiasi tofauti hufanya kazi hiyo pale ambapo huwezi kutembea na chungu, mradi picha ni za sinia na bakuli za hapa.

Kitoweo ni rahisi zaidi, kwa kuwa aghalabu mama hukigawa: kichwa kwa huyu, kipande cha mkia kwa yule. Uliza kipande na ukubwa wa samaki. Na mama mwenyewe muulize peke yake na kwa subira. Mara nyingi yeye hula mwisho, ukoko na mchuzi uliobaki, na ameonja onja tangu asubuhi. Mlo wake ndio unaotoka kombo kwenye makaratasi, na ndiye huyo huyo anayeandamwa na upungufu wa damu.

Kwa nini basi msikae nyumbani mkapima kila kitu?

Hufanyika, kwa nyumba chache. Siku ya mizani mwenyeji wa Kizanzibari hupikia mgeni. Ukija na mizani utakuta pilau.

Nazi, mafuta na sukari mnavipimaje?

Usimuulize mtu ametia vijiko vingapi vya sukari kama nyumba yake hutia sukari kwenye birika. Muulize mpishi: birika la vikombe vingapi, sukari kiasi gani, kijiko kimejaa au kimepigwa bapa, na vikombe vimenywewa na nani. Nazi vilevile: nazi ngapi kwa chungu hicho, imekunwa mbichi au ni ya pakiti, tui zito limetiwa lote au limetengwa. Machicha yakitupwa hayahesabiwi. Mafuta ya kukaangia ni kazi zaidi, kwani samaki hafyonzi mafuta yote yaliyo kwenye karai. Unapima kabla na baada.

Mkija mwezi wa Ramadhani itakuwaje?

Tafiti nyingi huukwepa, kwa sababu za urahisi wa kazi na kwa kuhofia kuwachosha watu. Sioni ubaya, ila mtu asiseme amepima mwaka mzima. Ni mwezi mmoja kati ya kumi na mbili, na chakula chake ni kingine: uji, majimbi na muhogo wa nazi, tambi, kaimati, tende, kisha kinachofuata baada ya tarawehe, kisha daku. Ukihesabu saa 24 kuanzia alfajiri kama miezi mingine, mdadisi wa asubuhi atachanganya daku la usiku huu na lile la jana. Anza magharibi hadi magharibi.

Kwa tafiti za kufuata watu miaka mingi liko jambo la ziada: Ramadhani hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Aliyepimwa Februari miaka kumi mfululizo atakutwa amefunga baadhi ya miaka na mingine hakufunga, na kompyuta itasema amebadili tabia.

Nje ya Ramadhani pia watu hufunga: Jumatatu na Alhamisi, sita za Mfunguo Mosi, na wanawake wanaolipa siku zao. Swali "Jana ulikuwa umefunga?" liwe la mwanzo, liulizwe kwa heshima, na mwanamke asilazimishwe kueleza kwa nini.

Je, msimu una tofauti kubwa kiasi hicho?

Kubwa. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, mashua ndogo hazitoki, na samaki hupanda bei. Embe na shokishoki zina miezi yake. Kuna pia mzunguko mfupi ambao dodoso za kutoka bara huusahau: bamvua na maji mafu. Siku za bamvua maji hutoka mbali, akina mama hushuka pwani kutafuta pweza, chaza na kombe. Siku za maji mafu hawashuki. Ukifanya kazi yako yote ya shehia ya pwani katika wiki moja, umepima hali ya maji. Ratiba ya wadadisi ipangwe pamoja na anayejua mwezi umefika wapi, na sheha au wavuvi watakuambia bila malipo.

Watu si hudanganya?

Wachache hukusudia. Wengi husahau, hukisia, au hupunguza kidogo kile wanachoona kitawaaibisha na kuongeza mboga. Kuanzia 1999 hadi 2000, Maryland nchini Marekani, watu 484 walikunywa maji maalumu yanayowezesha kupima nishati mwili unayotumia, kisha wakahojiwa. Kwa mahojiano ya saa 24 walitaja nishati pungufu kwa asilimia 12 hadi 20. Kwa dodoso la mara ngapi, pungufu ya asilimia 31 hadi 38. Na wanene walipunguza zaidi. Wale ni watu waliojitolea, wenye kusoma lebo za vyakula.

Kwa hiyo ukisoma utafiti unaosema watu wazima wa kijijini wanaishi kwa kalori kidogo mno, huenda wana njaa kweli, na huenda hawakuulizwa vizuri. Linganisha na uzito wao.

Mkojo na chakula vinahusianaje?

Kwa baadhi ya vitu, mkojo hautegemei kumbukumbu. Sehemu ya tisa katika kumi ya sodiamu unayokula hutoka kwenye mkojo, kwa hiyo chumvi hupimwa kwa kukusanya mkojo wa saa 24: wa kwanza asubuhi unamwagwa, kisha wote unaofuata unaingia kwenye dumu mpaka wa kwanza wa asubuhi ya pili. Ni usumbufu, hasa kwa anayekwenda shamba au skuli. Hakuna dodoso linaloweza kazi hiyo, kwa sababu hakuna anayejua chumvi iliyomo kwenye mkate, mchuzi na ng'onda. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na hicho ni pamoja na kilichofichika.

Mfano wa kwetu ni wa madini joto. Dhana ilikuwa kwamba watu wa visiwani, wala samaki, hawawezi kukosa madini joto. Utafiti uliochapishwa 2006 ukapima mkojo wa watoto wa skuli: wastani wa kati Unguja ulikuwa karibu mikrogramu 186 kwa lita, juu ya kiwango cha 100 kinachohitajika. Pemba ulikuwa karibu 53. Tofauti kubwa zaidi ilikuwa kwenye chumvi: kaya 63.5 kwa kila mia Unguja zilikuwa na chumvi yenye madini joto, Pemba moja tu kwa mia. Ukiwauliza watu wa visiwa vyote viwili kama wanakula samaki, wangejibu ndiyo, na tatizo lingebaki limejificha.

Mdadisi aliniuliza makundi ya vyakula tu, ndiyo na hapana. Huo nao ni upimaji?

Ni kiashiria cha haraka kwa wanawake wa umri wa kuzaa: makundi kumi, na anayefikia matano kwa siku anahesabiwa kuwa na mlo wenye mchanganyiko wa kuridhisha. Nafaka, mizizi na ndizi za kupika ni kundi moja. Aliyekula ugali, muhogo, wali na ndizi ameshiba kwelikweli na amepata moja. Kiashiria kinasema kuhusu jamii, hakimhukumu mwanamke mmoja.

Tafiti hii na ile ya matumizi ya kaya ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali si kitu kimoja?

La. Ile huonyesha kilichoingia nyumbani. Nani amekila, na nani amekula mishikaki njiani, haioni.

Mume wangu anaweza kunijibia?

Hajui umeonja nini jikoni. Jibu mwenyewe.

Nani atayaona majibu yangu?

Jina hutenganishwa na majibu na kuwekwa namba badala yake. Utafiti wa afya hapa unatakiwa uwe na kibali cha kamati ya maadili ya utafiti ya Zanzibar; muombe mdadisi akuonyeshe, pamoja na barua ya sheha. Akisitasita, funga mlango.

Nitaambiwa kama ninakula vizuri?

Kwa siku moja ya jana, hapana, na anayekuambia hivyo anakukisia. Presha na damu ukipimwa, hayo uyaulize papo hapo, ni haki yako.

Utafiti ukisema chakula fulani hakina uhusiano na ugonjwa, niamini?

Tazama walipimaje. Kipimo chenye ukungu hufifisha uhusiano uliopo. "Hatukuona" inaweza kuwa hatukuweza kuona. Na ukiwepo uhusiano, uliza nini kingine kinawatofautisha watu hao. Anayekula samaki wengi Nungwi huenda pia anapiga kasia.

Mimi ni mwanafunzi, bajeti yangu ni ndogo. Nianzie wapi?

Uliza watu wachache kuliko ulivyopanga, na urudi kwa sehemu yao siku ya pili isiyofuatana na ya kwanza: hata mmoja kwa kila watano husaidia hesabu kutenganisha kigeugeu cha siku na tofauti ya watu. Fedha itakayobaki nunua mizani ya jikoni na uwalipe wadadisi siku mbili zaidi za mafunzo, moja kati ya hizo ikae jikoni kwa mtu, si ukumbini. Na safari ya siku ya pili isiangukie Ijumaa kwa wote.